Siku moja kwenye mashamba ya mvinyo ya Bordeaux: unalipia nini hasa?

Kila tangazo la "viwanda vya mvinyo vya Ufaransa kwa siku moja" linaposambaa, maswali huwa yaleyale. Je, nitakunywa bure kutwa? Je, nitaona Bordeaux na Champagne kwa mkupuo mmoja? Na mimi nisiyekunywa, nina la kufanya huko? Hutakunywa bure kutwa. Bordeaux na Champagne hazionekani siku moja. Asiyekunywa anaweza kwenda akafaidi, ila achague ziara kwa makini.

Tuanze na ramani. Champagne iko mashariki ya Paris, na treni ya kasi kutoka stesheni ya Gare de l'Est hufika Reims kwa dakika kama 45, ndiyo maana ziara nyingi za siku moja zinazoanzia Paris huelekea huko. Burgundy iko kusini-mashariki. Bordeaux iko kusini-magharibi, jirani na bahari ya Atlantiki, na tangu reli mpya ifunguliwe mwaka 2017 safari kutoka Paris Montparnasse ni saa mbili na dakika chache. Mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini nusu ya siku itaishia kwenye treni. Ni afadhali kulala Bordeaux mjini, kisha kuchukua ziara inayoanzia hapo. Makala hii inabaki Bordeaux, kwa sababu ndiko maneno ya kwenye chupa yanakowachanganya watu kuliko kwingine.

Maneno yenyewe ni matatu. La kwanza ni shato, ambalo Wafaransa huliandika château. Wageni husikia kwamba maana yake ni kasri, wakatarajia minara. Kwenye mvinyo wa Bordeaux, shato ni shamba la mizabibu pamoja na majengo yake ya kutengenezea mvinyo, basi. Mengine yana jumba la kifahari, mengine yana nyumba ya mkulima na banda la mapipa nyuma yake. Sheria inalilinda jina hilo kwa jambo moja la maana: mvinyo unaobeba jina la shato lazima utokane na zabibu za shamba hilo, si zabibu zilizonunuliwa kwa majirani.

La pili ni AOC, yaani jina la eneo linalolindwa kisheria. Ukiona Margaux, Pauillac, Pomerol au Saint-Émilion kwenye lebo, hayo ni majina ya maeneo, na mkoa wa Bordeaux una zaidi ya 60 ya namna hiyo. Kila jina lina masharti yake: aina za zabibu zinazoruhusiwa, kiasi cha juu cha mavuno kwa hekta, kiwango cha kilevi. Kwa kawaida eneo likiwa dogo, masharti huwa makali zaidi. AOC inathibitisha mvinyo umetoka wapi na umefuata kanuni zipi. Kama utaupenda, hilo haliandikwi popote.

La tatu ni Grand Cru, maneno ya Kifaransa ya kulisifu shamba la mvinyo bora, na hapa pana mtego. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris chini ya Napoleon III, madalali wa Bordeaux walipanga mashato katika madaraja matano wakifuata bei ambazo mvinyo wao ulikuwa ukiuzwa. Mvinyo mwekundu uliopangwa ulikuwa wa upande wa Médoc, kaskazini mwa mji, isipokuwa Haut-Brion wa eneo la Graves. Daraja la kwanza la orodha hiyo limebadilika mara moja tu tangu enzi hizo, mwaka 1973, shato la Mouton Rothschild lilipopandishwa na kuungana na mashato ya Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Saint-Émilion hawakuwemo kabisa. Wao walianzisha orodha yao mwaka 1955 na huipitia upya kila baada ya miaka kama kumi, zoezi ambalo limezaa kesi mahakamani na kususa. Kabla ya orodha ya mwaka 2022, mashato matatu ya juu, Ausone, Cheval Blanc na Angélus, yalijitoa. Mtego wenyewe ni huu: chupa iliyoandikwa "Saint-Émilion Grand Cru" bila neno "Classé", yaani iliyopangwa darajani, haimo kwenye orodha yoyote. Hilo ni jina la AOC tu, na mamia ya mashato hulitumia. Unaweza kukuta chupa mbili zenye maneno karibu sawa, moja ya euro 20 na nyingine ya euro 120, na muuzaji wa mjini asione haja ya kukufafanulia.

Sasa mito. Garonne hupita Bordeaux mjini, Dordogne hupita mashariki karibu na Saint-Émilion, kisha hukutana na kuwa mlango mpana wa Gironde unaomwaga baharini. Upande wa magharibi, ambako kuna Médoc, watu wa mvinyo huuita ukingo wa kushoto; upande wa mashariki, ambako kuna Saint-Émilion na Pomerol, ni ukingo wa kulia. Tofauti iko ardhini. Médoc ni vilima vya changarawe, kwenye nchi iliyokuwa na vinamasi hadi wahandisi wa Kiholanzi walipovikausha karne ya 17. Changarawe haituamishi maji, na hushika joto la jua. Zabibu ya Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, inahitaji joto hilo. Ukingo wa kulia una udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, wenye ubaridi na unyevu zaidi, na Merlot, ambayo huiva mapema, hustawi humo. Kwa hiyo mvinyo wa Médoc ukiwa mchanga hukaza ulimi na ufizi kama chai iliyokaa na majani mno, na wa Saint-Émilion huwa mlaini mapema zaidi. Ukaukaji huo mdomoni hutokana na tanini, zilizomo kwenye maganda, mbegu na mbao za pipa. Si dalili ya mvinyo mbovu.

Ziara nyingi za siku moja huchagua ukingo mmoja. Zinazoahidi kingo zote mbili hukuuzia barabara, kwa kuwa kutoka Pauillac, iliyoko Médoc, hadi Saint-Émilion ni kuvuka mkoa. Kwa anayeanza, pendekezo letu ni Saint-Émilion. Ni kilomita kama 40 kutoka mjini, mashato yako karibukaribu, mvinyo wake ni rahisi kuuelewa kwa mara ya kwanza, na kijiji chenyewe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 1999. Kina kanisa lililochongwa ndani ya mwamba wa chokaa, na mnara wake umesimama juu ya mwamba huohuo. Asiyekunywa ana mengi ya kuona hapo. Médoc haina kitovu cha namna hiyo. Ni barabara ndefu ya D2 na mageti mazuri, na raha yake ni kwa mtu ambaye tayari anayajua majina yaliyo nyuma ya mageti hayo.

Siku yenyewe huenda hivi. Basi dogo la watu wanane au chini kidogo huondoka katikati ya mji, mara nyingi karibu na ofisi ya utalii kwenye cours du 30 Juillet, saa 3 au saa 3 na nusu asubuhi. Shato la kwanza huchukua dakika 60 hadi 90, kisha chakula cha mchana, kisha shato la pili, na pengine la tatu. Kurudi ni saa 11 au 12 jioni. Mawili yanatosha. La tatu hufika wakati ulimi umechoka, na maelezo ya mapipa yanaanza kujirudia. Ukiweza kuchagua, tafuta ziara inayochanganya shato kubwa lenye jina na shato dogo la familia. Kwenye hilo dogo mara nyingi anayekumiminia ndiye aliyepogoa.

Kituo cha kwanza huwa shambani. Msomaji anayezijua zabibu za Dodoma atashangazwa na mambo mawili. Mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Wa Bordeaux huvuna mara moja, Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, kwa kuwa baridi huulaza mzabibu miezi kadhaa. Pia mizabibu hapa ni mifupi na imebanana, kwenye sehemu nzuri za Médoc hufika 10,000 kwa hekta, ili kila mmoja uzae kidogo. Chupa moja hutaka zaidi kidogo ya kilo moja ya zabibu, kwa hiyo hesabu ya mzabibu mmoja kwa chupa moja haiko mbali na ukweli. Adui mkubwa ni baridi kali ya Aprili, wakati machipukizi yameshatoka. Aprili ya mwaka 2017 na ya 2021 iliunguza machipukizi ya mashamba mengi kwa usiku mmoja au miwili. Ukiona rangi ya buluu kwenye majani, ni mrututu na chokaa. Dawa hiyo ya ukungu, ambayo wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki nao wameitumia, ilizaliwa Médoc miaka ya 1880: wenye mashamba walinyunyizia mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia wasiibe zabibu, na profesa Millardet wa Bordeaux akagundua kwamba mizabibu hiyo haikushambuliwa na ukungu. Na yale mawaridi mwishoni mwa mistari? Mwongozaji atakwambia huugua kwanza na kumwonya mkulima. Siku hizi kazi yao kubwa ni kupendeza kwenye picha.

Ndani ya jengo la matangi ndipo pana somo kubwa. Juisi ya karibu zabibu zote nyekundu haina rangi. Wekundu uko kwenye ganda. Zabibu huchambuliwa, vikonyo huondolewa kwa sababu huleta uchungu, kisha zabibu na maganda yake huingia kwenye tangi la chuma, zege au mbao. Chachu hula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya kaboni. Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 13.5 umetokana na juisi yenye gramu kama 230 kwa lita. Hewa ile husukuma maganda juu yakawa kofia nzito. Kofia ikiachwa ikauke huanza kugeuka siki, na rangi haitoki, ndiyo maana juisi huvutwa chini ya tangi na kumwagiwa juu kila siku. Hali hii hudumu wiki mbili hadi nne. Ukienda wakati wa mavuno na mwongozaji akakukataza kuchungulia tangini, mtii: hewa ya kaboni ni nzito, hujaa pasipo na upepo, na imeshaua wafanyakazi wa mvinyo.

Kisha mapipa. Pipa la Bordeaux lina lita 225, yaani chupa 300. Jipya la mwaloni wa Ufaransa hugharimu zaidi ya euro 700, kwa hiyo shato linalotumia mapipa mapya limeshaweka zaidi ya euro mbili kwenye kila chupa kabla ya kulipa mfanyakazi hata mmoja. Mvinyo hukaa humo miezi 12 hadi 18, wakati mwingine zaidi. Sehemu yake hupotea hewani, na pipa lazima lijazwe tena kila mara ili hewa isiuharibu uliobaki. Uchafu wa chini hutengwa kwa kuhamisha mvinyo kutoka pipa hadi pipa. Mashato mengine bado husafisha mvinyo kwa ute wa mayai, matano au sita kwa pipa: ute hushikana na tanini kali na kuzama nazo. Mla mboga asiyegusa mayai anayo haki ya kuuliza.

Halafu kuonja, ambako ndiko watu wengi hukosea. Mpishi anayeweka tone la mchuzi kiganjani hajala, anapima chumvi. Kuonja mvinyo ni kazi ya namna hiyohiyo. Unamiminiwa sentilita tatu hadi tano. Shika glasi kwa mguu wake, maana kiganja hupasha joto. Tazama rangi kwenye karatasi nyeupe, nusa kabla ya kuzungusha, zungusha, nusa tena. Mzunguko huo huachia harufu, si mbwembwe. Chukua funda dogo, livingirishe mdomoni, vuta hewa kidogo, kisha tema. Chombo cha kutemea kiko mezani, na hakuna atakayeona umemdharau. Mwongozaji mwenyewe hutema. Fanya hesabu: mivinyo mitatu kwenye kila shato, mashato matatu, sentilita tano kila mara, ni sentilita 45, zaidi ya nusu ya chupa, na glasi ya chakula cha mchana haijahesabiwa. Kikomo cha dereva Ufaransa ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya. Aliyekodi gari na kumeza kila alichoonjeshwa hapaswi kushika usukani.

Kwa Mwislamu au yeyote asiyegusa kilevi, kutema si suluhisho, na hakuna sababu ya kubembelezana. Andika kwenye fomu ya kuhifadhi nafasi kwamba huonji. Mashato mengi huweka juisi ya zabibu, ambayo hata hivyo watoto hupewa, kwani umri wa kisheria ni miaka 18. Usitarajie kupunguziwa bei sana. Sehemu kubwa ya gharama ni usafiri na mwongozaji.

Tukija kwenye fedha: ziara ya nusu siku kwa kundi dogo mara nyingi ni karibu euro 100, ya siku nzima yenye chakula euro 150 hadi 200, na gari la peke yako ni zaidi ya hapo. Kabla ya kulipa uliza watu ni wangapi kwenye gari, maelezo ni kwa lugha gani, ada za kuonja na chakula zimo au hazimo, na ukighairi saa ngapi kabla unarudishiwa. Uliza pia majina ya mashato. Tangazo lenye picha ya Château Margaux halimaanishi utaingia. Mara nyingi ni kusimama getini kupiga picha. Mashato ya daraja la kwanza hayapokei mtalii wa kawaida kirahisi, mengine hayapokei kabisa. Karibu kila shato hutaka miadi, mengi hufungwa Jumapili, na wakati wa mavuno mengine husitisha wageni. Mei na Juni ni miezi mizuri. Januari mizabibu ni vijiti vitupu, lakini ndipo wapogoaji wako shambani na mwongozaji ana muda na wewe.

Anayetaka kwenda mwenyewe Saint-Émilion anaweza kupanda treni ya mkoa kutoka Bordeaux Saint-Jean, dakika kama 35, kisha atembee karibu kilomita mbili kutoka kituoni. Yanayomharibia mtu siku ni teksi za vijijini, ambazo ni adimu, na mgomo wa reli. Vaa viatu vya soli bapa; njia za kijiji ni za mawe na zina miteremko mikali. Beba koti jepesi hata Julai, maana ghala la mapipa huwa na nyuzi 12 hadi 16. Acha manukato, maana yataharibu kunusa kwa wote mezani. Kula asubuhi.

Kununua si lazima, ada ya kuonja umeshalipa. Mashato mengi makubwa hata hayana duka: huuza mavuno kwa wafanyabiashara wa mjini, sehemu yake ikiwa bado kwenye mapipa. Ukinunua, usifuate imani kwamba mvinyo ukizeeka ndio bora. Mwingi wa Bordeaux wa bei ya kawaida hufaa kunywewa ndani ya miaka michache, na kuuweka miaka 15 ni kuuharibu. Yale "machozi" yanayoteremka kwenye glasi huonyesha hasa kilevi, hayasemi lolote kuhusu ubora. Na anayelaumu salfaiti za mvinyo mwekundu, yaani kemikali za kuuhifadhi, kwa kichwa kuuma ajue kwamba sheria ya Ulaya inaruhusu miligramu 150 kwa lita kwenye mwekundu mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, na 200 kwenye mweupe mkavu. Mara nyingi mkosaji ni kilevi na kutokunywa maji.

Chupa iliyojaa hukaribia kilo moja na nusu na haiingii kwenye begi la mkononi. Ifunge katikati ya nguo kwenye sanduku. Kanuni za forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri wa miaka 18 na zaidi kuingiza lita mbili za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida, na ya tatu itakuvusha kikomo. Ukishafika nyumbani usiuweke juu ya friji wala jikoni. Ulaze mahali penye giza na ubaridi. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 30 huufanya mvinyo uonekane mzito na kilevi kikwaruze pua, kwa hiyo uingize kwenye friji dakika 30 kabla ya kufungua kizibo.